Filamu Iliyowakimbiza Watazamaji Wake

Hujafa hujaumbika, walisema wahenga, na sisi tuliolelewa mwambao tumeisikia methali hii tangu utotoni. Mtoto akimcheka mtu mwenye mguu mfupi, mama humfumba mdomo kwa maneno hayo mawili. Maana yake ni kuwa umbo la mwanadamu halikamiliki mpaka siku anapozikwa. Aliye mzima leo huenda kesho akakatika mkono au akapofuka. Ni methali ya kuonya, lakini pia ni methali ya khofu, kwani inatukumbusha kuwa baina yetu na yule tunayemcheka hapana ukuta. Nimeikumbuka kila niliposoma habari za filamu moja ya Kimarekani ya mwaka 1932, iitwayo Freaks, ambayo baadhi ya watazamaji wake wa mwanzo waliikimbia, studio iliyoitengeneza ikaionea haya, na Uingereza ikaizuia kwa takriban miaka 30.

Mwongozaji wake, Tod Browning, alizaliwa Louisville, Kentucky, mwaka 1880. Akiwa na umri wa miaka 16 alitoroka kwao akafuatana na wacheza maonyesho waliokuwa wakizunguka mji hadi mji. Moja katika kazi alizozifanya huko ilikuwa kuzikwa akiwa hai mbele ya watu waliolipa kutazama. Kwa hiyo alipokuja kushika kamera aliyajua maisha ya sarakasi kwa ndani, si kwa kuhadithiwa. Mwaka 1931 filamu yake ya Dracula, aliyoitengenezea studio ya Universal, ilileta faida kubwa. Metro-Goldwyn-Mayer, studio iliyosifika kwa waigizaji warembo na mavazi ya fahari, nayo ikataka fungu lake katika biashara ya kutisha. Browning akapewa nafasi ya kutengeneza kisa alichokitamani, kilichotokana na hadithi fupi ya Tod Robbins iliyochapishwa mwaka 1923.

Kisa chenyewe ni chepesi kusimulia. Hans, mtu wa kimo kifupi anayefanya kazi katika sarakasi, anamwacha mchumba wake Frieda kwa ajili ya Cleopatra, mwanamke mrembo anayecheza bembea za juu. Cleopatra kwanza anamfanyia mzaha tu. Lakini akija kujua kuwa Hans amerithi mali, anakubali kuolewa naye, na huku anapanga na Hercules, pandikizi la mtu mwenye misuli, wamuue mume huyo kwa sumu. Usiku wa karamu ya harusi, wenzake Hans wanazungusha kikombe kikubwa cha mvinyo na kuimba kwa pamoja kwamba bibi harusi sasa ni mmoja wao. Hapo ndipo uso wa Cleopatra unapobadilika. Anawatukana, anawamwagia mvinyo, anawafukuza mezani. Khatima yake inakuja usiku wa mvua na radi, pale wale aliowatukana wanapomwandama kwa visu, wakitambaa matopeni chini ya magari ya sarakasi. Naye anaishia kuwa kioja kibandani, kiumbe kilichokatwakatwa na kuvikwa manyoya ya ndege.

Lililoitenga filamu hii na nyingine zote za kutisha si kisa, bali wachezaji wake. Browning hakuwapaka watu rangi wala hakuwabandika pua za nta. Aliwaita watu wa maonyesho wenyewe, na maumbile yao waliyozaliwa nayo. Alikuwamo Johnny Eck, kijana wa Baltimore aliyezaliwa bila ya nusu ya chini ya mwili, aliyetembea kwa mikono kwa wepesi wa ajabu. Alikuwamo Prince Randian, mzaliwa wa Guiana ya Waingereza, asiye na mikono wala miguu, ambaye mbele ya kamera anawasha sigara kwa midomo yake peke yake. Alikuwamo Frances O'Connor, asiye na mikono, aliyekula kwa miguu kwa adabu ya mtu aliyekaa kwenye meza ya kifalme. Na walikuwamo Violet na Daisy Hilton, mapacha walioungana, waliozaliwa Brighton mwaka 1908. Tangu utotoni waliowasimamia waliwaonyesha kama bidhaa na kuyala mapato yao, hata mwaka 1931, mwaka ule ule filamu ilipoanza kupigwa, mahakama ya Texas ilipowapa uhuru wao.

Kabla ya mtazamaji yeyote kukaa kitini, mambo yalianza ndani ya studio yenyewe. Wafanyakazi walilalamika kuwa hawawezi kula chakula chao huku wakiwatazama watu wale. Ikaamuliwa wengi wao watengewe meza nje. Waliobakizwa ndani ya mkahawa ni wale mapacha pamoja na Harry na Daisy Earles, ndugu wawili waliocheza Hans na Frieda. Msomaji na auzingatie mwafaka huu wa kusikitisha. Kiini cha filamu ni karamu ambayo mwenye mwili mzima anakataa kula pamoja na wasio na mwili kama wake, na huku karamu hiyo ikipigwa picha, hatua chache tu kutoka kamera, karamu ya pili ilikuwa ikiendelea bila ya mwandishi wala mwongozaji.

Mnamo Januari 1932 filamu ilionyeshwa kwa majaribio. Waliokuwepo walisimulia baadaye kuwa watu waliinuka na kutoka, na wengine hawakutoka kwa mwendo wa kawaida bali walikimbia. Inasimuliwa pia kuwa mwanamke mmoja alitishia kuishitaki studio akidai kuwa kuitazama kumemharibia mimba. Studio ilishika mkasi. Filamu iliyokuwa na urefu wa takriban dakika 90 ikabakia dakika 64. Sehemu kubwa ya kisasi cha usiku wa mvua ilitupwa, pamoja na yaliyomfika Hercules, na mahali pake pakawekwa mwisho mpole wa Hans kupatana na Frieda. Vipande vilivyokatwa havijaonekana tena.

Mkasi haukusaidia. Ni kweli kwamba katika baadhi ya miji watu walipanga foleni, kwani jambo linalosemwa vibaya huwa na wateja wake. Lakini kwingi wenye majumba ya sinema waliogopa lawama. Ilipofika New York mwezi Julai, mhakiki wa gazeti la New York Times aliandika kwa namna ya mtu asiyejua aketi wapi, akiuliza kama mahali pake ni jumba la sinema au kituo cha madaktari. Mwanamke mwenye ndevu, aliyekuwa miongoni mwa wachezaji, inaelezwa kuwa alijuta hadharani kushiriki. Hesabu za studio zilionyesha hasara ya takriban dola 164,000. Filamu iliondolewa sokoni, na baadaye mfanyabiashara mmoja, Dwain Esper, akaikodi na kuizungusha mijini kwa majina mengine ya kuvutia macho. Waliozaliwa katika vibanda vya maonyesho wakarudishwa vibandani, safari hii kwa njia ya utepe. Browning mwenyewe hakupona. Aliongoza filamu chache tu baada ya hapo, ya mwisho mwaka 1939, kisha akajifungia kwake.

Swali linalonishughulisha ni hili: walikimbia nini? Hawakukimbia damu, maana katika dakika zilizobakia damu haionekani. Hawakukimbia sura ngeni, kwani watu hao hao walikuwa wakilipa senti zao kwenda kuwatazama akina Johnny Eck katika maonyesho. Wala hawakuwa wageni wa filamu za kutisha, kwani walikwisha kumpenda Lon Chaney, aliyefanya kazi na Browning miaka mingi na kujigeuza sura kwa vipodozi na kamba. Lakini mtazamaji wa Chaney alirudi nyumbani akijua kuwa uso ule umekwisha oshwa kwa maji na sabuni. Na mtazamaji wa kibandani alikuwa na jukwaa mbele yake, na mpiga kelele wa kumwambia atazame nini na acheke wapi. Browning aliviondoa vyote viwili. Anatuonyesha watu wakianika nguo, wakitaniana, wakichumbiana, wakigombana, mwanamke akijifungua na wenzake wakija kumpongeza. Kwa sehemu kubwa ya filamu hapana la kutisha hata kidogo, na nahisi hilo ndilo lililotisha. Aliyekuja kutazama kioja alimkuta jirani.

Hata hivyo, haitakuwa insafu kumfanya Browning mtakatifu na watazamaji wake wajinga. Filamu yake ina ufa katikati. Baada ya kutufundisha kwa muda mrefu kuwa hawa ni watu kama sisi, mwishoni inawatumia wale wale kututisha: inawatia gizani, inawapa visu, inawatambaza matopeni, na khofu tuliyokuwa tumeanza kuisahau inaamshwa upya. Tena adhabu ya Cleopatra ni kugeuzwa awe kama wao, maana yake mwandishi naye anakubali kuwa kuwa na mwili ule ni adhabu. Mtazamaji aliyetoka mbio mwaka 1932 hakukosea kila kitu. Huenda alihisi kuwa amefanywa ajione mwovu, kisha akapewa sababu ya kuendelea na uovu wake.

Dunia iligeuka polepole. Mwaka 1962 filamu ilionyeshwa katika tamasha la Venice, na safari hii waliokaa vitini walibaki na kuipa heshima. Browning alifariki Oktoba mwaka huo huo. Mwaka 1963 Uingereza iliiruhusu, kwa watu wazima tu. Huko Marekani vijana wa miaka ya 1960, waliokataa mila za wazee wao, walilichukua lile neno la tusi na kujiita wenyewe, nao wakajiona kuwa upande wa meza ya Hans. Mwaka 1994 Maktaba ya Bunge la Marekani iliiingiza katika orodha ya filamu zinazostahiki kuhifadhiwa kwa ajili ya taifa. Filamu ni ile ile ya dakika 64. Waliobadilika ni watazamaji.

Nami, kwa kuwa kazi yangu ni kuhamisha maneno kutoka lugha hadi lugha, nilikwama kwenye jina lake. Wafaransa waliiita gwaride la kutisha. Sisi tuiite nini? Vioja? Vituko? Vilema? Katika kutafuta nikajikuta naitazama lugha yetu kwa jicho jingine. Tunasema kipofu, kiziwi, kiwete, kibogoyo, na kuwapanga watu hawa pamoja na kiti, kisu na kijiko. Ni kweli kwamba kijana, kiongozi na kinyozi nao wamo katika ngeli hiyo, na hapana anayeona wametukanwa. Lakini hatuwezi kukataa kuwa orodha ya wenye maungo pungufu humo ni ndefu mno kuwa ya bahati tu. Ndiyo sababu leo husemwa mtu mwenye ulemavu, ili neno mtu litangulie.

Na bado lugha ile ile inatoa ushahidi wa upande wa pili. Hakuna Mswahili anayesema kipofu kimekuja. Tunasema kipofu amekuja, viziwi wamekaa, kiwete anaoa. Jina linamweka mtu miongoni mwa vitu, kisha kitenzi kinamrudisha miongoni mwa watu. Mara anapotenda jambo, anapokuja, anapokaa, anapoposa, sarufi haina budi kumkiri. Browning alifanya jambo hilo hilo kwa picha: aliwaonyesha wakitenda. Watazamaji wake walikuja na jina, wakakutana na kitenzi.

Basi jina nililolichagua sikulitoa katika kamusi. Nimelitoa katika ile karamu, katika wimbo wa walioizunguka meza, waliomwambia bibi harusi jambo ambalo Kiswahili kinalisema kwa neno moja tu: mwenzetu. Ndilo neno alilolikimbia Cleopatra, na nadhani ndilo walilolikimbia wale waliotoka mbio ukumbini. Nimeiita filamu hii Wenzetu. Atakayeona jina hilo linamkera na airudie ile methali ya mama zetu, kisha ajitazame kwa makini mwili wake, alioazimwa kwa muda.