Kadhi Mwenye Muhuri, Shekhe Asiye na Muhuri: Kifungu cha Tahkimu Kinapofika Brussels

Katika hati za talaka za familia zetu zilizoko Ulaya hukutwa kifungu kifupi, aghalabu mwishoni, baada ya mambo ya nyumba, watoto na mahari iliyobaki. Chasema kwamba wawili hawa wakihitilafiana juu ya lolote lililoandikwa, shauri lao lipelekwe kwa kadhi au kwa mashekhe watakaochaguliwa, na watakalohukumu lifuatwe. Wote hutia sahihi bila ya kuuliza. Sisi tunauliza: kifungu hiki kilipata wapi nguvu zake kule kwetu, na mbele ya mahakama ya familia ya Brussels kinabaki na nguvu gani?

Asili yake haina utata. Aya ya 35 ya Suratu n-Nisaa inaelekeza kwamba pakihofiwa mfarakano apelekwe hakamu mmoja kutoka kwa watu wa mume na mmoja kutoka kwa watu wa mke. Pwani, kazi hiyo ilikuwa ya wazee wa pande mbili, barazani au ndani ya nyumba, kabla ya mtu kukanyaga kwa kadhi. Lakini wazee walikuwa wapatanishi tu. Mwenye kuhukumu alikuwa kadhi, na Unguja walikuwapo makadhi wa Kishafii na wa Kiibadhi, wote wakikaa kwa amri ya Sultani. Himaya ya Waingereza ilipoingia mwaka 1890, mamlaka yao yalipunguzwa hatua kwa hatua mpaka yakabaki zaidi katika ndoa, talaka na mirathi. Muhuri wa serikali, hata hivyo, haukuondoka. Mombasa vilevile: mwezi wa Oktoba 1963, Mohamed Shamte na Jomo Kenyatta waliandikiana barua zilizoahidi kwamba mahakama za makadhi zitahifadhiwa, na katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 170, bado inazihifadhi. Ila ibara hiyo imeweka sharti: wenye shauri wote wawe Waislamu na wote wakubali kuhukumiwa hapo.

Sharti hilo la kukubali ndilo linalotugusa, kwa sababu linafanana mno na kifungu cha hati zetu. Tofauti ni kwamba Mombasa mtu akishakubali, hukumu itakayotoka ni hukumu ya mahakama ya dola.

Wako wenzetu waliofika Brussels kwa njia nyingine kabisa, nao ni Waswahili wa Kasongo, wa Kisangani na wa mtaa wa Buyenzi, Bujumbura. Historia yao na Ubelgiji ni ndefu kuliko yetu sisi wa visiwani. Mwaka 1887, hapo hapo Unguja, Tippu Tip alikubali kuwa liwali wa Stanley Falls kwa niaba ya dola ya Mfalme Leopold. Vita vya 1892 hadi 1894 vikaumaliza utawala wa Waarabu na Waungwana wa Maniema. Serikali ya Wabelgiji haikuwawekea makadhi. Mkataba wa koloni wa tarehe 18 Oktoba 1908, kifungu cha 4, uliwaachia wenyeji haki za kiraia kwa mujibu wa mila zao, ilimradi mila hizo zisipingane na sheria za koloni wala na utaratibu wa umma. Basi shekhe wa Kasongo aliozesha na kusuluhisha bila ya muhuri wowote. Aliyemtii alimtii kwa imani au kwa kuona haya mbele ya watu, na asiyemtii hakuletewa askari.

Kwa maoni yetu, mwenye kutaka kukielewa kifungu cha tahkimu Brussels amsome shekhe wa Kasongo kabla ya kadhi wa Unguja. Familia za Unguja, Mombasa na Maskati zinakiandika kana kwamba muhuri umesafiri pamoja nazo.

Tuanze na ndoa yenyewe. Katiba ya Ubelgiji, ibara ya 21, inataka ndoa ya serikali itangulie ile ya dini. Walioozeshwa msikitini tu hawana ndoa mbele ya jaji, na kwa hiyo hawana talaka ya kumwomba. Kwa waliooana kiserikali, ni mahakama peke yake inayovunja ndoa. Shekhe akitamka lolote hapo, limekaa baina yao na Mola wao.

Kinachobaki ni mali. Kifungu cha 1676 cha Kanuni ya Mahakama kinaruhusu madai ya mali yaamuliwe na hakamu, na mahakama inaweza kuipa hukumu yake nguvu ya kutekelezwa maadamu haipingani na utaratibu wa umma. Msomaji ameshakutana na maneno hayo, ndiyo yale ya 1908. Deni la mahari lililoandikwa waziwazi, kwa kiasi na tarehe, laweza kupita katika mlango huu. Nani akae na watoto, hapana: makubaliano juu yao lazima yapite kwa jaji. Tena kuna jambo lililotufanya tutabasamu. Kifungu cha 1684 kinataka idadi ya mahakamu iwe witri. Wale wawili wa aya, mmoja wa huku na mmoja wa kule, itabidi waongezewe wa tatu.

Je, mwanamke aliyekwisha kupata talaka ya serikali, na mume anakataa kumpa ya dini? Mahakama ya Rufaa ya New York ilikutana na swali la namna hii mwaka 1983 katika shauri la Avitzur, la Mayahudi. Iliamua kwamba ahadi ya kufika mbele ya baraza la marabi ni mkataba kama mikataba mingine, unaoweza kutekelezwa bila ya jaji kuingia katika dini. Lakini kilichotekelezwa ni kufika tu. Sisi tunaona hapo ndipo penye faida: kifungu kinachomtaka mume afike kwa mashekhe kabla ya siku fulani kina uzito kuliko kinachosema tu kwamba dini ifuatwe.

Wengine hukimbilia nyumbani, talaka ikaandikishwa Mombasa au Unguja, karatasi ikarudishwa Brussels. Sheria ya tarehe 16 Julai 2004, kifungu cha 57, imeifunga njia hiyo kwa wengi. Talaka ya mume peke yake haitambuliwi ila masharti yote yatimie: iwe imethibitishwa na mahakama ya nchi ilikoandikwa, wakati huo asiwepo kati yao mwenye uraia wa nchi isiyojua talaka ya aina hiyo, wala mwenye makazi ya kudumu katika nchi kama hiyo, na mke awe ameikubali waziwazi bila ya kulazimishwa. Anayeishi Schaerbeek ameshaanguka katika sharti la makazi. Faskhi iliyoamuliwa na kadhi kwa ombi la mke ni habari nyingine, nayo hupimwa kwa kanuni za kawaida za hukumu za kigeni.

Kwa wanaotunza makaratasi ya ukoo, sharti la mwisho ndilo zito. Wawili waliokuwa wakikaa Unguja siku ya talaka wanaweza kuyatimiza yale mengine, na muhuri wa kadhi ukawasaidia. Lakini fiqhi haikumtaka mke aikubali talaka ndipo isihi, kwa hiyo karatasi yaweza kuwa na tamko la mume, mashahidi wawili na muhuri wa mahakama, na la mke lisiwemo hata neno moja.