Chianti: Tarehe ya Jina na Mipaka Yake

Vijiji vya kwanza ni vitatu: Radda, Gaiole na Castellina. Vimekaa juu ya vilima vya Toscana, kati ya Firenze na Siena, miji miwili iliyowindana kwa karne nyingi. Vilikuwa upande wa Firenze, kwenye mpaka wenyewe, vikafungwa pamoja katika shirikisho la ulinzi lililoitwa Lega del Chianti. Alama yake ilikuwa jogoo mweusi.

Wenyeji wanalo simulizi lao juu ya jogoo huyo. Wanasema miji ile ilichoka vita, ikakubaliana mpaka uamuliwe na wapanda farasi wawili: kila mmoja atoke kwake jogoo anapowika, na pale watakapokutana ndipo mpaka. Siena wakamlisha jogoo wao mweupe mpaka akanona. Firenze wakamnyima wao mweusi chakula, njaa ikamwamsha kungali giza, akawika. Mpanda farasi wa Firenze akakaribia kuta za Siena kabla hajaonana na mwenzake. Simulizi ni simulizi, lakini mwanafunzi wa mvinyo wa Italia asiipuuze. Mikoa ya nchi hiyo ni 20, yote hulima mizabibu, na aina za zabibu ni mamia. Anayeanza kwa kukariri majina ya zabibu atachoka mapema. Aanze na mipaka. Aulize nani aliichora, na alikuwa anamzuia nani.

Tarehe 24 Septemba 1716, Cosimo III de' Medici, mtawala wa Toscana, alitoa tangazo lililotaja maeneo manne: Chianti, Pomino, Carmignano na Val d'Arno di Sopra. Kila eneo lilielezwa linaanzia wapi na kuishia wapi, na aliyeuza mvinyo wa kwingine kwa majina hayo alijiweka katika hatari ya kuadhibiwa. Ureno, inayosifiwa sana kwa kuwekea mipaka bonde la Douro, ilifanya hivyo mwaka 1756, miaka 40 baadaye. Tangazo la Cosimo lilihusu ardhi na biashara. Suala la kilichomo ndani ya chupa lilingoja mtu mwingine.

Mtu huyo ni Bettino Ricasoli, aliyezaliwa mwaka 1809 katika ukoo ulioishika ngome ya Brolio, karibu na Gaiole, tangu 1141. Walimwita Kabaila wa Chuma. Waziri Mkuu Cavour alipofariki mwaka 1861, ni Ricasoli aliyepokea uwaziri mkuu wa Italia iliyokuwa ndiyo kwanza imeungana, na akaushika tena mwaka 1866. Lakini siasa ilimchosha, na kila alipopata nafasi alirudi Brolio kwenye mapipa yake. Kwa miaka mingi alijaribu zabibu moja moja, akazichanganya, akaonja, akaandika. Mwaka 1872 akamwandikia barua Profesa Cesare Studiati wa Chuo Kikuu cha Pisa kumweleza alichokiona.

Barua hiyo ndiyo kitovu cha tarehe hii. Ricasoli alisema kwamba zabibu ya Sangioveto, ambayo leo twaiita Sangiovese, ndiyo inayoupa mvinyo harufu yake kuu na nguvu. Canaiolo inalainisha ukali wa ile ya kwanza bila kuiondolea harufu. Malvasia, zabibu nyeupe, inaufanya mvinyo uwe mwepesi na unyweke mapema, ufae kwa meza ya kila siku. Kisha akaongeza jambo ambalo vizazi vilivyofuata vililisoma haraka mno: kwa mvinyo unaokusudiwa kuwekwa miaka, hiyo Malvasia si lazima. Kwa maneno mengine, kabaila aliacha maelekezo mawili, moja la mvinyo wa chakula cha mchana na jingine la mvinyo wa kuhifadhi. Waliokuja baadaye waliokota la kwanza.

Ricasoli alifariki mwaka 1880. Mwaka mmoja kabla, filoksera, mdudu wa Kimarekani anayekula mizizi ya mzabibu, alikuwa amegunduliwa Lombardia, na katika miongo iliyofuata ilibidi mizabibu ya Italia ing'olewe na kubebeshwa upya juu ya mashina ya Kimarekani yanayomstahimili. Hata hivyo jina la Chianti lilizidi kuvuma. Chupa yake ya tumbo la mviringo iliyovikwa nyasi, fiasco, ilijulikana hadi ng'ambo, na walioijaza hawakuwa watu wa vijiji vile vitatu peke yao. Tarehe 14 Mei 1924, wazalishaji 33 walikutana Radda, wakaunda chama cha kulinda mvinyo wao, wakamtwaa yule jogoo mweusi wa zamani awe nembo.

Serikali ilijibu mwaka 1932. Tume iliyobeba jina la mtaalamu Giovanni Dalmasso ilikubali kwamba Chianti ni saba: Classico, Rufina, Montalbano, Colli Fiorentini, Colli Senesi, Colli Aretini na Colline Pisane. Wenye jina wakapewa neno la ziada, Classico, na majirani wakapewa jina lenyewe. Wengine huuita uamuzi huo suluhu. Mimi naona ni mali ya mtu iliyogawiwa mbele ya macho yake, kisha akaambiwa ashukuru kwa kubakiziwa kitasa cha mlango.

Wakati huo wote aliyeinama shambani alikuwa mkulima wa mezzadria, aliyelima ardhi ya kabaila na kugawana naye mavuno nusu kwa nusu. Mzabibu ulisimama kati ya mizeituni na ngano, kwa sababu familia ilihitaji mafuta na mkate pia, na mwenye haki ya nusu tu hutaka mavuno mengi kuliko mavuno mazuri. Baada ya Vita Vikuu vya Pili watoto wao walikwenda viwandani. Mwaka 1964 sheria ikapiga marufuku mikataba mipya ya aina hiyo. Mashamba yakapandwa upya kwa trekta na vibarua wa mshahara, mara nyingi kwa miche iliyochaguliwa kwa wingi wa mazao.

Katika hali hiyo ndipo ilipokuja amri namba 930 ya tarehe 12 Julai 1963, iliyopiganiwa sana na Seneta Paolo Desana wa Piemonte. Kwa kufuata mfano wa Ufaransa wa mwaka 1935, Italia ikaunda daraja la DOC: jina la mahali linalosimamiwa, lenye mipaka, zabibu zilizotajwa na kiwango cha mavuno. Vernaccia di San Gimignano, mvinyo mweupe wa hukohuko Toscana, ulikuwa wa kwanza, mwaka 1966. Chianti ikafuata mwaka 1967, na kanuni zake zikataka zabibu nyeupe kati ya asilimia 10 na 30, Trebbiano ikiwamo, zabibu ambayo Ricasoli hakuitaja kabisa katika barua ile. Maelekezo ya mvinyo wa mchana yakawa sheria ya nchi. Aliyetaka kufuata lile la pili akawa mvunja sheria.

Wavunjaji walipatikana, na hawakuwa wahuni. Pwani, huko Bolgheri, ambako hapakuwa na jina la kulindwa, Mario Incisa della Rocchetta alikuwa amepanda Cabernet Sauvignon tangu miaka ya 1940 kwa ajili ya meza ya nyumbani. Sassicaia yake ya 1968 ndiyo ya kwanza kuuzwa. Katika Chianti Classico yenyewe, Piero Antinori, ambaye mmoja wa mababu zake wa kale aliingia chama cha wafanyabiashara wa mvinyo wa Firenze mwaka 1385, alitoa Tignanello ya 1971 nje ya DOC, na kufikia 1975 zabibu nyeupe zilikuwa zimeondoka kabisa. Nyuma ya mvinyo zote mbili alikuwapo mtaalamu mmoja, Giacomo Tachis. Huko Radda, Sergio Manetti wa Montevertine alitengeneza Le Pergole Torte ya 1977 kwa Sangiovese tupu, zabibu ya Chianti isiyochanganywa na chochote, na hata hiyo haikuruhusiwa kuitwa Chianti Classico. Akajitoa katika chama. Mvinyo hizi ziliandikwa vino da tavola, mvinyo wa mezani, cheo cha chini kuliko vyote, na bei zao zikapita za wale waliotii.

Serikali ikajaribu kupanda ngazi. Mwaka 1980 lilianza kutumika daraja la DOCG, lenye utepe wa serikali wenye namba shingoni mwa chupa, kwanza kwa Brunello di Montalcino, Barolo na Vino Nobile di Montepulciano. (Mwanafunzi ajihadhari hapa. Brunello ni Sangiovese, na Vino Nobile kwa sehemu kubwa ni Sangiovese pia. Zabibu iitwayo Montepulciano ni nyingine, ya Abruzzo, wala haihusiani na mji huo.) Chianti yote ikapandishwa mwaka 1984, nyeupe zikipunguzwa sana bila kufutwa. Mwaka 1986 ikaja aibu ya methanoli: mvinyo wa bei ya chini uliotiwa sumu huko kaskazini uliua watu zaidi ya 20. Hakuna aliyeweza tena kusema kwamba sheria zinatosha.

Ndipo ikaja sheria namba 164 ya 1992, inayoitwa kwa jina la Giovanni Goria, waziri wa kilimo wakati huo. Kati ya mvinyo wa mezani na DOC iliingiza daraja la IGT, lenye eneo pana na kanuni nyepesi, na wavunjaji wengi wakahamia humo. Bolgheri ilipata DOC ya mvinyo mwekundu mwaka 1994, na tangu 2013 Sassicaia ina DOC yake peke yake. Chianti Classico ilitengwa na Chianti ya kawaida mwaka 1996, Sangiovese tupu ikahalalishwa, na kuanzia mavuno ya 2006 zabibu nyeupe zikapigwa marufuku. Sharti la 1967 likageuka kosa, bila mtu kumwomba radhi Manetti, aliyekwisha kufariki.

Mwaka 2014 iliongezwa Gran Selezione, ngazi ya juu kabisa ya Chianti Classico, kwa zabibu za shamba la mzalishaji mwenyewe. Baadaye chama kikagawa Classico katika vipande 11 vya kutajwa kwenye lebo, Radda, Gaiole na Castellina vikiwa miongoni mwao. Tignanello na Le Pergole Torte zinaweza leo kukidhi sharti la zabibu la Chianti Classico. Zote mbili bado zinauzwa kama IGT Toscana, na ya Montevertine inatoka Radda, kijiji kile kile walikokutana wale 33.