Thomas Starzl

Thomas Earl Starzl (1926–2017) alikuwa daktari mpasuaji na mtafiti wa Marekani, mzaliwa wa Le Mars, Iowa. Mwaka 1963, mjini Denver, alijaribu kwa mara ya kwanza kumpandikiza binadamu ini. Mgonjwa, mtoto mdogo, alivuja damu hadi kufa. Mafanikio yalikuja 1967. Lakini kwa upande wa maandishi, makala yake nzito zaidi pengine ni ile ya 1963 kuhusu figo: ilionyesha kwamba mwili ukianza kuikataa figo ya kupandikizwa, dawa ya prednisoni ikiongezwa juu ya ile ya azathioprini huweza kuutuliza. Vitabu vikafuata, cha figo 1964, cha ini 1969. Machapisho yake, mengi akishirikiana na wenzake, yalipita 2,000. Alipohamia Pittsburgh mwaka 1981, dawa za kuzuia mwili kukataa kiungo, siklosporini na baadaye takrolimasi, ndizo zilizotawala kalamu yake.