Wapiga gitaa waipa kisogo amplifaya ya valvu

KWA miongo mingi, amplifaya za valvu ndizo zilizotawala majukwaa ya muziki. Valvu ni chupa ndogo ya kioo iliyoondolewa hewa. Ikipata moto hukuza sauti ya gitaa, na ikizidiwa hutoa mkwaruzo unaopendwa na wapigaji.

Tatizo ni uzito na matunzo. Twin Reverb ya Fender ina takriban kilo 29, na valvu huchakaa.

Mitambo ya dijitali huiga tabia hizo kwa hesabu za kompyuta. Line 6 ya Marekani ilitoa POD mwaka 1998, Axe-Fx ikafuata 2006, na Kemper ya Ujerumani 2011. Desemba 8, 2013, Metallica walipiga Antaktika kwa mitambo ya aina hiyo, watazamaji wakisikiliza kwa vifaa vya masikioni.

Hata hivyo, anayehama ajihadhari. Mtambo huo huiga pia spika. Ukiunganishwa na spika ya gitaa bila kuzima uigaji huo, sauti huchujwa mara mbili ikafifia. Wengi huulaumu mtambo, kumbe kosa ni la muunganisho.