Tremolo ya Kufunga Nyuzi: Chuma Kilichochelewa Kufika Dansini

Tremolo ya kufunga nyuzi ni kifaa cha chuma kwenye gitaa la umeme. Mpigaji anaweza kuisukuma sauti chini au kuivuta juu kwa mkono mdogo wa chuma, kisha nyuzi zikarudi pale zilipokuwa bila kulegea. Aliyekibuni ni Floyd Rose, mpiga gitaa wa Marekani aliyekuwa pia akifanya kazi ya usonara. Alianza kukitengeneza katikati ya miaka ya 1970, na hataza yake ikatolewa mwaka 1979.

Mkono wenyewe ni wa zamani zaidi. Kampuni ya Fender iliuweka kwenye gitaa la Stratocaster mwaka 1954, ukiwa na springi zilizofichwa mgongoni mwa gitaa ili zivutane na nyuzi. Miaka ya 1960 Jimi Hendrix aliutumia kwa nguvu ambayo waliouunda hawakuitarajia, na mara kwa mara ilimbidi atyuni upya kati ya wimbo na wimbo. Kiini cha tatizo ni msuguano. Uzi unapolegezwa huteleza kwenye mfereji ulio mwisho wa shingo, na unapokazwa tena haurudi wote. Sehemu ndogo hunasa hapo, au kwenye mizunguko ya kigingi. Rose aliubana uzi pande zote mbili: vibanio vitatu mwishoni mwa shingo, kila kimoja kikishika nyuzi mbili, na kibanio kingine kwa kila uzi kule darajani, pale nyuzi zinapoegemea kwenye mwili wa gitaa. Baadaye aliongeza skrubu ndogo za kurekebisha sauti nyuzi zikiwa zimeshafungwa. Eddie Van Halen alikuwa miongoni mwa wa kwanza kukitumia, na miaka ya 1980 kifaa kikawa alama ya muziki wa roki.

Tanzania ilikuwa na mkondo wake. Mbaraka Mwinshehe, mpiga solo wa Morogoro Jazz na baadaye Super Volcano, alifariki kwa ajali ya gari Mombasa Januari 1979, mwaka uleule wa hataza ya Rose. Mwaka mmoja kabla ya hapo ilikuwa imezaliwa Mlimani Park Orchestra ya Dar es Salaam. Katika dansi la bendi hizo solo na rithimu hujibizana kwa sauti safi, kila noti mahali pake. Gitaa moja likiyumba, jingine linaonekana limekosea. Mkono wa kutikisa sauti haukuwa na kazi kubwa hapo.

Isitoshe, aliyepiga gitaa mara nyingi siye aliyelichagua. Vyombo vilikuwa mali ya mwenye bendi: NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, Vijana Jazz ya umoja wa vijana wa chama cha TANU, na Mlimani Park ikaja kuwa chini ya shirika la maendeleo la jiji, DDC. Mwanamuziki aliyehama bendi aliondoka na vidole vyake tu. Uhaba wa fedha za kigeni miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 ulifanya hata nyuzi ziwe adimu, na uagizaji ulianza kulegezwa mwaka 1984. Kifaa chenye vipuri vya pekee kisingedumu katika hali hiyo.

Mbali na Dar es Salaam, kwa mfano mkoani Singida, dansi lilisikika zaidi kupitia Redio Tanzania na ziara za bendi. Ufundi wa nyuzi ulikuwapo tangu zamani: zeze la Wagogo, ambao baadhi yao wako Manyoni, hutyuniwa kwa vigingi vya mti vinavyobanwa na msuguano uleule uliomsumbua Rose. Leo gitaa la umeme hupigwa pia kwenye kwaya za makanisa, na hapo ndipo uchaguzi wa tremolo unapokuwa na maana.

Singida iko kwenye uwanda wenye mwinuko wa karibu mita 1,500, na kiangazi chake ni kirefu, kikavu na chenye upepo. Mti wa shingo hukauka na kujipinda kidogo. Kufunga nyuzi kunazuia kuteleza, lakini hakuzuii mti kusogea. Tena daraja linaloelea kwa mvutano wa springi hutegemea nyuzi zote sita: uzi mmoja ukikatika, springi huvuta daraja nyuma na nyuzi tano zilizobaki hupanda sauti papo hapo, katikati ya wimbo. Mwalimu wa kwaya akitaka ufunguo ushushwe nusu sauti, vibanio lazima vifunguliwe kwa spana yake ndogo na springi zisawazishwe upya, kazi inayokula muda mrefu. Kwa kwaya, daraja lisilosogea ni chaguo la busara zaidi. Tremolo ya kufunga inamfaa anayepiga roki, au mwenye gitaa la pili la akiba.

Anayenunua gitaa la mtumba lenye kifaa hiki aangalie kwanza kingo mbili kali ambazo kwazo daraja huegemea nguzo zake mbili ndogo. Kwenye nakala za bei ya chini chuma huwa laini, kingo huwa butu, na gitaa halirudi kwenye sauti hata nyuzi zikifungwa barabara. Kipimo chake ni rahisi: mkono ushushwe hadi nyuzi zilegee kabisa, uachiwe, kisha kila uzi usikilizwe. Halafu spana yake iuliziwe.