Chupa ya Maziwa Umatengo na Ufukweni Nyasa

Katika milima ya Umatengo na ufukwe wa Ziwa Nyasa, kusini mwa Tanzania, uhai wa mtoto mchanga ulitegemea titi la mama. Aliyefiwa na mama alisaidiwa na ndugu anayenyonyesha, au akapewa uji mwepesi.

Wamisionari waliingia ukanda huu mwishoni mwa karne ya 19: Waanglikana kisiwani Likoma mwaka 1885, Wabenediktini Peramiho mwaka 1898. Baadaye hospitali za misheni za Litembo na Liuli zilihudumia wazazi na watoto wachanga.

Badala ya titi au uji, maziwa ya kopo yaliyonyweshwa kwa chupa yalikuja na hatari kubwa. Chuchu ya mpira na shingo nyembamba ya chupa hubakiza maziwa yanayoganda pembeni. Bila brashi na maji yaliyochemka, vijidudu huzaliana humo na mtoto huharisha. Unga wa maziwa ukipunguzwa ili kopo lidumu, mtoto hudhoofu huku tumbo limejaa. Kwa kaya inayongoja fedha za mauzo ya kahawa, kishawishi cha kuupunguza ni kikubwa mno. Kikombe kilicho wazi, kinachosuguliwa kirahisi, ni salama zaidi.

Kwa sababu ya hatari kama hizo, mwaka 1981 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha kanuni za uuzaji wa vibadala vya maziwa ya mama. Tanzania ilitunga zake mwaka 1994.