Gari la Moshi la Mombasa na Ushindani wa Barabara

Tangu reli ilipoanza kutandazwa kutoka Mombasa mwaka 1896, hata ikafika Nairobi mwaka 1899 na ufuko wa Ziwa Nyanza mwaka 1901, msafiri wa bara hakuwa na chombo kilichomfaa kuliko gari la moshi. Jioni jamaa waliwaaga abiria stesheni, iliyokuwa ndani ya mji. Na wakati wa chakula ulipowadia, mtumishi mwenye sare nyeupe alipita ushorobani akigonga kengele yake ndogo, akiwaita mezani watu wa daraja la juu, ilhali wa daraja la tatu walifungua vikapu vyao vya mikate na samaki wa kukaanga.

Kisha ikaja lami, na mabasi ya usiku, na matatu zilizoruhusiwa mwaka 1973 kuchukua abiria bila leseni maalumu. Na Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, shirika lake la reli likagawanyika, mabehewa yakachakaa, na safari ya usiku mmoja ikawa aghalabu ikimalizika adhuhuri au alasiri. Abiria hakuiacha reli kwa mahaba ya barabara. Aliiacha kwa kuwa saa zake hazikuaminika tena.

Reli mpya ya mwaka 2017, ikatayo masafa ya Mombasa hadi Nairobi kwa saa tano au sita, ilipakia abiria zaidi ya milioni moja katika mwaka wake wa kwanza. Walakini stesheni zake ziko mbali na miji, Miritini kwa Mombasa na Syokimau kwa Nairobi, na mshukaji mwenye watoto na mizigo hana budi kutafuta matatu au treni nyingine. Na hilo, kwa rai yangu, laidhuru kuliko nauli.